Soko la Hewa: Al Gore na Siasa ya Kuyaokoa Mazingira kwa Bei

Jina la Albert Arnold Gore, ambaye ulimwengu humwita Al Gore, hutajwa kwa namna mbili zinazokinzana. Wapo wanaomwona kuwa mpiga mbiu aliyelipiga la mgambo kabla ya moto kufika uani. Wapo wanaomwona kuwa mfanyabiashara aliyetambua mapema kwamba hata hofu ina wanunuzi wake. Makala haya yanachunguza jambo ambalo pande zote mbili hulipitia kwa haraka: namna mwanasiasa aliyeanza kwa kupendekeza ushuru dhidi ya uchafuzi wa hewa alivyogeuka kuwa mtetezi mashuhuri wa soko la uchafuzi huo, na namna soko lenyewe, ambalo nchi yake ililishinikizia ulimwengu kisha ikalisusia, lilivyobisha hodi katika vijiji vya Kenya.

Mwana wa Seneta

Gore alizaliwa mwaka 1948 katika nyumba ya siasa. Baba yake, Albert Gore mkubwa, aliiwakilisha Tennessee katika Seneti ya Marekani hadi aliposhindwa katika uchaguzi wa 1970. Baada ya hapo mzee huyo aliongoza kampuni ya makaa ya mawe iliyomilikiwa na Occidental Petroleum. Shamba la familia huko Carthage lilikuzwa tumbaku. Kwa hiyo kijana ambaye baadaye angeuonya ulimwengu dhidi ya makaa ya mawe na mafuta alilelewa katika ukoo ambao riziki yake haikuwa mbali na bidhaa hizo.

Katika Chuo Kikuu cha Harvard alifundishwa na Roger Revelle, mmoja wa wanasayansi waliosababisha dioksidi ya kaboni ianze kupimwa mfululizo mwaka 1958 katika mlima Mauna Loa, Hawaii. Mchoro wa vipimo hivyo, unaopanda mwaka baada ya mwaka bila kurudi chini, haukumtoka Gore akilini. Alihudumu Vietnam kama mwandishi wa habari wa jeshi, akafanya kazi ya gazeti, kisha akaingia katika Bunge la Wawakilishi mwaka 1977. Mwaka huo huo, hapa Kenya, Wangari Maathai alikuwa akianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani kwa miche michache. Njia za wawili hawa zitakutana tena mbele.

Suala la tumbaku linastahili kutajwa kwa kuwa linamfichua mwanasiasa huyu kuliko hotuba zake nyingi. Dadake Nancy aliaga dunia mwaka 1984 kwa saratani ya mapafu. Miaka minne baadaye, akiwania urais kwa mara ya kwanza, Gore alijisifu mbele ya wakulima wa majimbo ya kusini kwamba yeye mwenyewe ameilima tumbaku kwa mikono yake. Mwaka 1996, katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic, alisimulia kifo cha dadake kwa uchungu uliowaliza wasikilizaji. Wakosoaji wake waliuita huo unafiki. Yamkini ni sahihi zaidi kusema kwamba Gore alifahamu, kuliko wengi wa rika lake, jinsi mtu anavyoweza kujua kuwa kitu kinaua na bado akakitegemea. Hilo ndilo tatizo la nishati ya visukuku kwa ufupi wake.

Ushuru Uliokufa

Mwaka 1992 Gore alichapisha kitabu *Earth in the Balance*. Wanaomtuhumu kuwa tangu mwanzo alikuwa dalali wa kaboni hawajakisoma vyema, kwani humo alipendekeza waziwazi ushuru juu ya kaboni. Mwaka uliofuata, akiwa Makamu wa Rais wa Bill Clinton, alipata nafasi ya kuutekeleza. Serikali yao ilipendekeza ushuru wa nishati uliokadiriwa kwa kiasi cha joto kilichomo katika kila aina ya fueli. Bunge la Wawakilishi liliupitisha. Seneti iliuua. Kilichobakia kilikuwa nyongeza ya senti 4.3 kwa kila galoni ya petroli, na hata hiyo ilipita kwa sababu kura za bajeti zilifungana hamsini kwa hamsini na Gore, kwa wadhifa wake wa kuongoza Seneti, akapiga kura ya kuamua. Mwaka 1994 chama chake kilipoteza mabunge yote mawili.

Funzo ambalo wanasiasa wa Marekani walilipata ni kwamba neno "ushuru" ni sumu. Mazingira yangelindwa, basi, kwa jina jingine. Jina hilo lilikwishapatikana. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1990, iliyotiwa saini na Rais George Bush mkubwa wa chama cha Republican, ilikuwa imeanzisha soko la vibali vya dioksidi ya salfa ili kupunguza mvua ya asidi.

Utaratibu wake si mgumu kuuelewa. Serikali huweka kikomo cha uchafuzi wa nchi nzima, kisha huugawa katika vibali, kila kibali kikiruhusu tani moja. Chukulia mitambo miwili ya umeme. Mmoja unaweza kupunguza moshi wake kwa gharama ndogo, na mwingine ni mkuukuu na kuukarabati ni ghali. Ule wa kwanza hupunguza kupita ulivyotakiwa na kuuza vibali vinavyosalia, na ule wa pili huvinunua. Jumla ya uchafuzi haizidi kikomo, na jamii nzima hulipa kidogo kuliko ambavyo ingelipa iwapo kila mtambo ungelazimishwa kufanya sawa na mwenzake. Kila baada ya muda kikomo hushushwa.

Mpango huo ulifaulu. Salfa ilipungua sana, tena kwa gharama ndogo kuliko iliyotabiriwa, na wachumi wakaufanya mfano wa kufundishia. Ila sifa hizo huachwa bila tanbihi zake. Mitambo iliyohusika ilikuwa ya nchi moja, chini ya sheria moja. Kila bomba la moshi lilifungwa kipimo kilichorekodi gesi muda wote. Aliyezidisha alitozwa faini isiyojadiliwa. Aidha, gharama ilishuka kwa sababu ambayo haikutokana na soko la vibali hata kidogo: nauli za reli zilikuwa zimepungua tangu miaka ya 1980, na makaa yenye salfa kidogo kutoka Wyoming yakafika mashariki kwa bei nafuu. Mtu aliyetaka kuuhamishia mpango huu kwenye kaboni ya dunia nzima alipaswa kujiuliza ni yapi kati ya hayo yangesafiri pamoja nao.

Usiku wa Kyoto

Mnamo Disemba 1997 mataifa yalikutana Kyoto, Japani, kuafikiana kuhusu upunguzaji wa gesi zinazolipasha joto anga. Marekani ilikuja na sharti: haitakubali viwango vya lazima pasipo biashara ya vibali baina ya mataifa. Jumuiya ya Ulaya haikulipenda wazo hilo. Nchi zinazoendelea zililitilia shaka zaidi, zikiona kwamba tajiri anatafuta njia ya kulipia dhambi bila kuiacha. Mazungumzo yalipokwama, Gore aliwasili kwa ndege na kuwaelekeza wajumbe wa nchi yake walegeze msimamo kuhusu viwango. Walilegeza. Itifaki ikapatikana, na ndani yake mkaingizwa njia tatu za kibiashara.

Mojawapo ya njia hizo ina historia ambayo wanafunzi wa lugha wataithamini. Brazili ilikuwa imependekeza hazina ambayo ingejazwa kwa faini: nchi tajiri itakayoshindwa kutimiza ahadi yake italipa, na fedha hizo zitazisaidia nchi maskini kupata nishati safi. Katika mazungumzo, hazina hiyo iligeuzwa ikawa utaratibu wa maendeleo safi, ambao chini yake nchi tajiri hugharimia mradi katika nchi maskini na kupata vyeti vinavyoiruhusu kuendelea kuchafua kwa kiasi hicho. Neno "safi" na neno "maendeleo" yalibakia, ilhali faini iligeuka kuwa bei. Anayelipa faini amekosa, na anayelipa bei ni mteja, na mteja hana la kuombea radhi. Sera nzima ya tabianchi ya miongo iliyofuata imo katika badiliko hilo dogo la msamiati.

Kasoro nyingine ilipewa jina na wajumbe wenyewe. Urusi na Ukraini zilipewa viwango vya mwaka 1990, na ilhali chumi zao zilikuwa zimeporomoka baada ya kuvunjika kwa Muungano wa Kisovieti, zilijikuta na vibali tele zisivyovihitaji. Vibali hivyo viliitwa "hewa moto". Kuvinunua kungemwezesha mnunuzi kudai kuwa amepunguza uchafuzi bila gramu moja kupungua popote.

Kilichofuata ni kinaya. Miezi mitano kabla ya Kyoto, Seneti ya Marekani ilikuwa imepiga kura 95 kwa 0 kupinga mkataba wowote ambao haungezibana pia nchi zinazoendelea. Clinton na Gore walitia saini itifaki mwaka 1998 lakini hawakuthubutu kuipeleka Seneti. Machi 2001, Rais George W. Bush akaikataa kabisa. Ulimwengu ukabaki umeshika soko ambalo aliyelidai hayumo. Ulaya, iliyokuwa imelipinga, ndiyo iliyolijenga, ikalifungua mwaka 2005.

Bush huyo ndiye aliyemshinda Gore katika uchaguzi wa 2000, baada ya Mahakama ya Juu kusitisha kuhesabiwa upya kwa kura za Florida, tofauti ikiwa kura 537. Husahaulika kwamba katika kampeni hizo Gore aliyazungumzia mazingira kwa nadra. Bei ya mafuta ilipopanda Septemba 2000, mwandishi wa *Earth in the Balance* aliitaka serikali ifungue akiba ya taifa ya mafuta ili kuishusha, na mapipa milioni 30 yakatolewa. Nadharia nzima ya soko la kaboni imesimama juu ya wazo kwamba bei ya mafuta ikipanda watu watayaacha. Ilipopanda yenyewe, mwaka wa kura, mtetezi wake aliogopa.

Mhubiri na Mwekezaji

Gore aliyeondoka madarakani alikuwa huru zaidi, na pengine mkweli zaidi. Mwaka 2004 alianzisha jijini London kampuni ya uwekezaji, Generation Investment Management, pamoja na David Blood, aliyetoka benki ya Goldman Sachs. Mwaka 2006 ikaja filamu *An Inconvenient Truth*, iliyopata tuzo ya Oscar. Mwaka 2007 Gore alitunukiwa Nishani ya Nobeli ya Amani kwa pamoja na jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa.

Filamu ilionyesha theluji ya Kilimanjaro ikiyeyuka kama ushahidi wa joto la dunia. Mnamo Oktoba 2007 jaji mmoja jijini London, katika kesi iliyohusu kuonyeshwa kwa filamu hiyo shuleni, aliikubali hoja yake kuu kuwa na msingi wa kisayansi, ila akaorodhesha nukta tisa zilizopita ushahidi uliokuwapo. Kilimanjaro ilikuwa mojawapo. Kupungua kwa barafu ya mlima huo ni jambo lililo wazi kwa yeyote anayeutazama kutoka Taita au Loitokitok, lakini chanzo chake kinahusisha pia kukauka kwa hewa na uhaba wa theluji mpya, wala hakikuweza kuhusishwa moja kwa moja na moshi wa viwanda. Mlima wa Waafrika ulikuwa umetumiwa kama picha. Maelezo yake hayakusubiriwa.

Mwaka huo huo ilibainika kwamba nyumba ya Gore huko Nashville ilikuwa imetumia zaidi ya kilowati-saa 200,000 za umeme mwaka 2006, takriban mara ishirini ya nyumba ya kawaida ya Marekani. Alijitetea kwamba alinunua umeme safi na kugharimia miradi ya kufidia uchafuzi wake. Jibu hilo lilikuwa la kweli, na ndilo linalopaswa kuwatia watu wasiwasi. Mtu wa kawaida hawezi kujinunulia haki ya kutumia mara ishirini. Soko la fidia humruhusu mwenye uwezo kubaki alivyo na kuuita ubakiaji huo wema.

Swali la faida lilimfuata hadi bungeni. Aprili 2009, akitoa ushahidi kuunga mkono mswada wa kuanzisha soko la kaboni Marekani, aliulizwa iwapo yeye binafsi angenufaika. Alijibu kwamba kila senti aliyoipata ilikwenda kwa shirika lake lisilo la faida. Hakuna sababu ya kumwita mwongo. Hata hivyo, wanaomshambulia kwa uroho wamechagua shtaka jepesi. Zito zaidi ni lile la mswada wenyewe: ili upite, takriban asilimia 85 ya vibali zingetolewa bure mwanzoni, nyingi kwa wachafuzi wenyewe. Ulipita Bunge la Wawakilishi kwa kura 219 kwa 212 mnamo Juni 2009, ukafia Seneti mwaka 2010 kama ulivyokufa ushuru wa 1993. Soko lilipendekezwa ili kuikwepa hatima ya ushuru. Halikuikwepa. Soko la hiari la Chicago, lililofunguliwa mwaka 2003, liliacha biashara hiyo mwisho wa 2010, na Marekani ilipochukua hatua kubwa mwaka 2022 ilitumia ruzuku na nafuu za kodi. Nyingi kati ya hizo zikapunguzwa kwa sheria ya mwaka 2025.

Kuuziwa Hewa

Katika Kiswahili, "hewa" ina maana ya pili. Wafanyakazi hewa ni majina yanayopokea mishahara bila watu. Aliyelipia ploti isiyokuwapo huambiwa ameuziwa hewa. Waliotafsiri biashara ya kaboni kuwa "biashara ya hewa ukaa" hawakukusudia kejeli, lakini lugha iliwatangulia.

Mifano ipo. Katika awamu ya kwanza ya soko la Ulaya vibali vilitolewa kwa wingi hivi kwamba kufikia mwisho wa 2007 bei ilikuwa imekaribia sufuri. Matapeli wakanunua vibali nchi moja bila kodi ya ongezeko la thamani, wakaviuza nchi nyingine pamoja na kodi, wakatoweka nayo. Europol ilikadiria hasara ya takriban yuro bilioni 5. Viwanda vya China na India vinavyotengeneza gesi ya majokofu navyo hutoa gesi taka iitwayo HFC-23, ambayo tani yake moja ilihesabiwa kuwa sawa na tani 11,700 za dioksidi ya kaboni. Kuiteketeza ni rahisi. Vyeti vilivyotokana na kuiteketeza vilileta fedha nyingi hivi kwamba taka ikawa na faida kuliko bidhaa, na Ulaya ikalazimika kuvipiga marufuku mwaka 2013. Kwa insafu lazima iongezwe kwamba soko hilo la Ulaya, baada ya vikomo kukazwa, limekuwa na bei inayouma, na uchafuzi wa sekta zinazohusika umeshuka kwa kiasi kikubwa. Soko lenye kikomo cha kweli na askari wa kweli hufanya kazi. Fidia zinazonunuliwa mbali, pasipo kipimo juu ya bomba, ndizo zenye mashaka.

Na Afrika ndiko mbali kwenyewe. Novemba 2006 mkutano wa tabianchi ulifanyika Nairobi, na mpango maalumu ukazinduliwa ili bara hili lipate sehemu yake ya vyeti. Sehemu hiyo ilibaki ndogo mno, kwa sababu za kihesabu tu: fidia hulipwa kwa kupunguza moshi, na asiye na viwanda hana moshi wa kupunguza. Kilichobaki cha kuuza ni miti na udongo. Mwezi huo huo vuguvugu la Maathai lenyewe lilitia saini mkataba na Benki ya Dunia wa kuuza kaboni ya miti itakayopandwa Aberdare na Mlima Kenya. Mwanamke aliyepigwa akitetea Karura dhidi ya wanyakuzi aliona manufaa katika fedha hizo, na si haki kumhesabu Gore peke yake kuwa muumini.

Mradi wa Mikoko Pamoja, Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, waonyesha upande bora wa biashara hii. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni hutunza hekta 117 za mikoko na kuuza takriban tani 3,000 kwa mwaka. Fedha hizo si nyingi, lakini zimeingia katika maji na shule, na mikoko inaonekana kwa macho. Upande wa pili unaonekana kaskazini. Mwaka 2023 waidhinishaji wa vyeti waliusimamisha kwa muda mradi mkubwa wa kaboni ya malisho ili uchunguzwe upya, na mnamo Januari 2025 mahakama ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii katika kaunti hiyo, mojawapo ikiwa ndani ya mradi huo, zilianzishwa pasipo kuwashirikisha wananchi ipasavyo. Mfugaji alikuwa ameuza mwendo wa ng'ombe wake kabla ya kuulizwa.

Bunge la Kenya liliona hatari hiyo. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilirekebishwa mwaka 2023, ikaagiza kwamba miradi ya ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kuondolewa gharama za kuendesha biashara. Mwaka huo huo, mwezi Juni, kampuni za Saudi Arabia zilinunua zaidi ya tani milioni 2 za vyeti katika mnada uliofanyika Nairobi. Mnunuzi, kwa hiyo, yupo.

Lililo mbele ya baraza la kijiji ni kifungu hicho cha sheria, kilichoandikwa kwa Kiingereza, na hasa maneno yake ya mwisho. Asilimia 40 kila mzee anaielewa. Gharama za kuendesha biashara ni zipi? Nauli ya mpimaji anayetoka Ulaya imo? Mshahara wa dalali je? Istilahi za kazi hii, yaani kiwango cha msingi ambacho mradi hupimwa nacho, au uthibitisho kwamba mti usingalikuwapo lau si fedha za mnunuzi, bado hazijapata maneno ya Kiswahili yaliyokubalika, na wakalimani wa mabaraza huzitafsiri kila mmoja anavyojua. Mkataba husainiwa kwa miaka mingi. Mtoto anayezaliwa leo anaweza kuukuta ukiendelea atakapokuwa mtu mzima, ukiwa na maneno ambayo siku ya kutiwa saini hakuna aliyeweza kuyasema kwa lugha yake.